Tathmini ya huduma: kliniki inayochunguza damu ya muda mrefu kwenye shahawa

Damu inayoonekana kwenye shahawa mara moja au mbili, kwa kijana asiye na maumivu, homa wala shida ya kukojoa, kwa kawaida huondoka yenyewe, na kituo chochote chenye daktari makini na mashine ya kupima presha kinatosha kuihudumia. Tathmini hii haihusu hali hiyo. Inahusu huduma niliyoipata katika kliniki ya magonjwa ya mfumo wa mkojo baada ya damu kuendelea kurudi kwa muda mrefu, vipimo vya maambukizi vikiwa safi na dawa nilizopewa kwingine zikiwa hazijabadilisha chochote. Kliniki hiyo siitaji kwa jina, kwa kuwa nina ya kuisifu na ya kuilalamikia, na kwa kuwa linalomfaa zaidi msomaji ni kujua huduma nzuri ya tatizo hili inakuwaje popote atakapoitafuta.

Nimeipima kwa swali moja kubwa: je, wahudumu walijua kwamba mshipa wa damu wenyewe unaweza kuwa chanzo, na walijua kuutafuta wakati ambapo unaonekana? Sababu za mishipa ni nadra, na ndiyo maana hushika nafasi ya mwisho katika orodha ya daktari. Tatizo ni kwamba katika vituo vingi orodha hiyo hukatika kabla ya kufika huko.

Mahali nilipoanzia, ambapo pia sipataji, nilipewa antibiotiki, kisha nikapewa nyingine, na baadaye nyingine tena. Uamuzi wa mwanzo siulaumu. Maambukizi na uvimbe wa tezi dume au wa vifuko vya shahawa ni miongoni mwa sababu za kawaida, pamoja na magonjwa ya zinaa, na kwa mtu aliyeishi au kuogelea kwenye maji yenye kichocho, vimelea hivyo navyo lazima vitafutwe, sawasawa na kifua kikuu cha njia ya mkojo. Ninachokilaumu ni kurudia dawa bila kuotesha mkojo wala shahawa ili kuona kama kweli kuna bakteria wa kuuawa. Dawa inayotolewa kwa kubahatisha ikishindwa mara ya kwanza, kuirudia chini ya jina jingine si matibabu, ni kuahirisha uchunguzi.

Katika kliniki ninayoitathmini, mazungumzo ya kwanza na daktari bingwa yalikuwa marefu kuliko vipimo vingi vilivyofuata, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu bora ya huduma nzima. Alianza kwa kuhakikisha kwamba damu ilikuwa yangu: aliuliza kama nimewahi kuiona ndani ya kondomu, kwa sababu damu ya mwenzi wakati mwingine huchanganyika na shahawa na kumtia mwanamume wasiwasi wa bure. Kisha akauliza kama nimewahi kukatwa kinyama cha tezi dume kwa sindano, kwani baada ya kipimo hicho shahawa huweza kubaki na damu kwa wiki kadhaa bila kuashiria ugonjwa mpya. Alipopata majibu hayo ndipo akaingia kwenye maswali ambayo sikuwahi kuulizwa popote. Damu ni nyekundu mbichi au ya kahawia? Ina mabonge? Mkojo wa kwanza baada ya tendo unaanza mwekundu kisha unasafika, au ni mwekundu mwanzo hadi mwisho? Umewahi kuamka na kukuta tone la damu kwenye nguo ya ndani baada ya uume kusimama usingizini, bila kutoa shahawa kabisa?

Maswali hayo yana mantiki inayofaa kuelezwa. Sehemu kubwa ya majimaji ya shahawa, takriban theluthi mbili au zaidi, hutoka kwenye vifuko vya shahawa vilivyo nyuma ya kibofu, na sehemu kubwa ya yanayobaki hutoka kwenye tezi dume. Damu iliyovuja ndani ya vifuko hukaa humo ikibadilika rangi, kwa hiyo hutoka ikiwa ya kahawia au nyeusi kama kutu, na inaweza kuendelea kutoka hata baada ya uvujaji wenyewe kukoma. Damu mbichi yenye mabonge, ikifuatwa na mkojo unaoanza mwekundu kisha ukasafika, inaelekeza macho mbele zaidi, kwenye ile sehemu ya mrija wa mkojo inayopita katikati ya tezi dume. Huko ndiko hukaa baadhi ya matatizo ya mishipa ambayo yamesahaulika: vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zilizovimba na kujikunja chini ya utando wa mrija, kama bawasiri zilizohamia mahali pengine, na hemanjioma, yaani kivimbe kisicho cha saratani kilichojengwa kwa mishipa midogo ya damu. Vyote viwili hujaa damu uume unaposimama, na hupasuka kidogo misuli inapobana kwa nguvu wakati wa kutoa shahawa. Uume ukilala, navyo hulala.

Kabla ya mashine yoyote ya gharama, muuguzi alipima presha yangu, akairudia baada ya mapumziko, na akaandika majina ya dawa zote ninazomeza. Msomaji asidharau hatua hii. Shinikizo la damu lililopanda sana bila kudhibitiwa limejulikana kusababisha damu kwenye shahawa kwa mtu ambaye viungo vyake vya uzazi havina kasoro, na damu hiyo huweza kukoma presha inaposhushwa. Vivyo hivyo warfarini, aspirini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, magonjwa ya kurithi yanayozuia damu kuganda vizuri, kama hemofilia na ule wa von Willebrand, na ini lililochoka kiasi cha kushindwa kutengeneza viambata vya kugandisha damu. Hakuna kati ya haya kinachohitaji kamera. Nilichukuliwa damu kwa ajili ya hesabu ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na muda wa kuganda, nikaonywa nisiache dawa yoyote ya kuzuia kuganda kwa uamuzi wangu mwenyewe, kwani aliyeandikiwa dawa hizo kwa ajili ya moyo au kiharusi anaweza kufa kwa kuziacha huku akikwepa tatizo ambalo kwa kawaida haliui.

Kipimo cha PSA, yaani kipimo cha damu cha protini inayotengenezwa na tezi dume, kilisimamiwa vizuri kiasi. Kwa mwanamume aliyevuka miaka 40, damu inayorudi inahitaji uchunguzi wa tezi dume kwa kidole na kipimo hicho, ingawa uwezekano wa saratani ni mdogo. Daktari alinielekeza nisitoe shahawa kwa saa 48 kabla ya kuchukuliwa damu, kwa kuwa tendo hilo huweza kupandisha majibu. Hata hivyo ratiba iliyotoka mapokezi iliweka kipimo hicho baada ya kuingizwa kamera kwenye njia ya mkojo, jambo ambalo nalo hupandisha majibu, na ilinibidi nirudi kuomba mpangilio ugeuzwe. Ulirekebishwa bila ubishi, lakini mgonjwa asiyejua asingeuliza.

Ultrasaundi ya kupitia njia ya haja kubwa ndiyo picha ya kwanza inayofaa kwa tatizo hili. Haipendezi, lakini haichukui muda mrefu na haina mionzi. Fundi aliyenihudumia alipaka jeli, akaeleza kila anachokifanya kabla ya kukifanya, akageuza skrini upande wangu. Inaonyesha uvimbe wa maji katikati ya tezi dume, mawe madogo, vifuko vilivyopanuka na njia za shahawa zilizoziba. Fundi huyo pia aliwasha rangi ya Doppler, ambayo huonyesha damu inayotembea na kasi yake, jambo ambalo kituo cha awali hakikulifanya ingawa mashine yake ilikuwa na uwezo huo. Bila rangi hiyo, fungu la mishipa iliyopanuka linaweza kuonekana kama vitundu vya maji tu. Hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya kituo chenye mashine na kituo chenye mtu anayejua anatafuta nini.

Nilipelekwa pia kwenye MRI ya nyonga, yaani picha zinazopigwa kwa nguvu ya sumaku. Faida yake kubwa ni kwamba damu iliyokaa ndani ya vifuko vya shahawa hung'aa kwa namna ya pekee katika baadhi ya picha zake, hivyo daktari anaweza kujua ni kifuko cha upande gani kinachovuja. Vyangu havikuwa na damu, na jibu hilo, ingawa halikutaja chanzo, lilikuwa na thamani: liliondoa eneo zima kwenye utafutaji na kuturudisha kwenye mrija wa mkojo.

Picha hizo pia zilitumika kuhakikisha kwamba halipo jambo moja ambalo ni nadra zaidi lakini zito zaidi, yaani ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) na vena za ndani ya nyonga kuungana moja kwa moja bila vijishipa vidogo kati yake. Katika hali hiyo damu yenye shinikizo la ateri huingia kwenye vena zisizojengwa kuibeba, vena hizo zikavimba, na zile zilizo karibu na tezi dume au vifuko vya shahawa huweza kuvuja. Kwa wanaume hali hii ya nyonga haionekani mara nyingi, na mtu anaweza kuzaliwa nayo au kuipata baada ya jeraha au upasuaji. Daktari alieleza kwa nini anataka kuhakikisha kwanza kwamba haipo kabla ya kukata kinyama chochote: sindano ikichomwa kwenye fungu la mishipa ya aina hiyo inaweza kuleta damu ambayo ni vigumu kuizuia. Alieleza pia kwamba ikipatikana, mgonjwa hupelekwa kwa mtaalamu wa mionzi anayeingiza mrija mwembamba kupitia ateri ya paja au ya mkono, akaufikisha kwenye matawi ya ateri ya nyonga na kuziba kiini cha fungu hilo kwa gundi maalumu au alkoholi. Kufunga tu ateri kubwa inayolisha fungu, huku kiini kikiachwa, ni kosa, kwa maana matawi mengine hujitokeza kulilisha upya na tatizo hurudi likiwa gumu kufikiwa. Mara nyingi kazi hiyo hufanywa kwa awamu. Nilithamini kupewa maelezo haya kabla ya majibu, kwa sababu jibu lingekuwa baya nisingelipokea nikiwa gizani.

Nafika sasa kwenye sistoskopia, yaani kuangalia ndani ya mrija wa mkojo na kibofu kwa kamera nyembamba, kipimo kilichonipa jibu. Nilikuwa nimewahi kufanyiwa kwingine, na taarifa yake ilisema mrija ni wa kawaida. Daktari wa kliniki hii aliisoma taarifa hiyo, akauliza kama nilikuwa na damu siku ile, nikasema sikuwa nayo, akaiweka pembeni. Hakumsema vibaya mwenzake. Alisema tu kwamba maji yanayoingizwa ili kufungua njia ya kamera husukuma vena ndogo zikalala bapa, na kwamba vena isiyovuja, ikiwa imelazwa na maji, ndani ya uume uliolala, haionekani hata na jicho zuri. Alipendekeza kipimo kirudiwe karibu na siku ya kutokwa damu, na kama hakitaonyesha kitu, kirudiwe papo hapo baada ya sindano ya prostaglandini inayosimamisha uume. Nilisaini fomu ya ridhaa baada ya kuelezwa kwamba uume usipolala ndani ya saa 4 baada ya sindano hiyo ni dharura, na nilipewa namba ya simu ya kupiga usiku. Hili la namba nimelipa alama kamili.

Ndani ya chumba kulikuwa na daktari, muuguzi na mimi. Hakuna mwanafunzi aliyeingia bila kuniomba. Jeli ya ganzi iliwekwa na ikaachwa ifanye kazi badala ya kuharakishwa, kosa ambalo ndilo huwafanya wengi wasimulie sistoskopia kama mateso. "Kaka, vuta pumzi halafu legea kama unakojoa," muuguzi aliniambia kamera ilipofika kwenye msuli unaobana, na kweli ikapita kwa mwasho tu. Mzunguko wa kwanza haukuonyesha kitu. Baada ya sindano daktari aliirudisha kamera polepole, akapunguza maji hadi yakawa ya kudondoka, na kwenye skrini, pembeni mwa kile kilima kidogo ambacho njia mbili za shahawa hufungukia, zikainuka vena za rangi ya zambarau zilizojikunja, moja ikiwa na doa jekundu juu yake. Alipobonyeza tezi dume kwa kidole kupitia nyuma, majimaji yaliyotoka kwenye matundu ya njia za shahawa yalikuwa meupe, na damu ikachirizika kutoka kwenye lile doa.

"Umeiona?" akauliza.

"Nimeiona, Daktari."

Kubonyeza huko ni hatua ndogo isiyohitaji kifaa chochote, lakini ndiyo iliyothibitisha kwamba damu haitoki ndani ya vifuko bali juu ya utando wa mrija. Vilevile ilinionyesha mtu anayetaka kuthibitisha badala ya kuridhika na kitu cha kwanza alichokiona, kwa kuwa vena kidogo zilizojaa katika eneo hilo zinaweza kuonekana hata kwa mwanamume asiye na malalamiko yoyote, na kuzilaumu bila kuziona zikivuja kungekuwa kubahatisha kwa aina nyingine.

Kuhusu tiba, nilipewa njia tatu na nikaachiwa muda wa kufikiri. Ya kwanza ilikuwa kusubiri, kwa hoja kwamba damu kiasi hicho haipunguzi damu ya mwili na haiathiri maisha isipokuwa kwa wasiwasi. Ya pili ilikuwa finasteridi, dawa ya tezi dume ambayo hupunguza wingi wa mishipa kwenye tezi hiyo. Daktari alitahadharisha kwamba hufanya kazi kwa miezi na si kwa siku, kwamba huweza kupunguza hamu ya tendo, na kwamba hushusha PSA hadi karibu nusu, hivyo kila daktari atakayesoma kipimo hicho baadaye lazima aambiwe. Ya tatu ilikuwa kuzichoma vena hizo kwa umeme kupitia kamera ileile, chini ya ganzi ya uti wa mgongo. Laza pia hutumika kwa kazi hii, ila wao hawakuwa nayo na walisema hivyo waziwazi.

Nilichagua kuchomwa. Kabla ya hapo niliulizwa kama bado nataka watoto, kwa sababu kovu likiziba tundu la njia ya shahawa linaweza kuathiri uzazi, na kwa sababu shahawa huweza kuanza kurudi kibofuni badala ya kutoka nje. Sijui ni vituo vingapi huliuliza swali hili kabla ya kuwasha umeme, lakini pale nilipoanzia sidhani kama lingeulizwa. Daktari alichoma kwa nukta ndogo, akiacha nafasi kuzunguka matundu, akanionya mapema kwamba kwa kufanya hivyo kwa tahadhari huenda vena moja ikabaki na kazi ikahitaji kurudiwa. Niliondoka na mpira wa mkojo, ambao ulitolewa kesho yake. Siku za mwanzo mkojo uliwasha na ukawa na rangi ya waridi, kama nilivyoambiwa. Tangu kidonda kipone, shahawa zimekuwa safi, na wingi wake haujabadilika.

Malalamiko yangu si ya kitabibu, lakini si madogo. Mapokezi yana dirisha moja lililo mita chache kutoka kwenye viti vya kusubiri, na mhudumu huuliza shida ya mgonjwa kwa sauti inayowafikia wote. Kwa kliniki ya mfumo wa mkojo, ambayo wagonjwa wake wengi tayari wamechelewa kwa sababu ya aibu, hilo ni kosa linalogharimu afya. Niliona kijana mmoja akijibu kwamba amekuja "kwa kichwa tu" kisha akaelekezwa jengo jingine. Karatasi ya kuandika shida ingelimaliza tatizo hili. Jingine ni kwamba taarifa ya ultrasaundi hutolewa bila picha za Doppler, ambazo mgonjwa hulazimika kuziomba kwa maandishi. Anayechunguzwa kwa tatizo la mishipa azidai siku hiyohiyo, pamoja na MRI kwenye diski au kwenye flashi, kwa maana akihamia kwingine zitahitajika tena.

Ufuatiliaji nao ulikuwa mwembamba kuliko uchunguzi. Miadi ya kurudi ilikuwepo, lakini karatasi ya maelekezo ilikuwa ileile inayotolewa kwa kila aliyeingizwa kamera, na haikusema ni lini ninaweza kurudia tendo la ndoa wala ni rangi gani ya mkojo inayopaswa kunitia hofu. Nilipouliza niliambiwa nisubiri hadi mkojo uwe safi kabisa, na nirudi haraka nikiona mabonge makubwa, nikishindwa kukojoa au nikipata homa. Mambo hayo yanastahili kuchapishwa kwenye karatasi, kwani si kila mgonjwa ataweza kuyauliza akiwa amesimama kwenye dirisha lile.

Kwa mwenye tatizo la mwanzo, lililotokea mara moja, kliniki kama hii ni kubwa kupita haja yake, na anaweza kuishia kupimwa vitu asivyovihitaji. Kwa yule ambaye damu yake inarudi, vimelea havionekani, na picha za kawaida hazisemi kitu, ningemshauri atafute huduma ya namna hii hata kama ni mbali, na kabla hajakubali kulala kwenye kitanda cha sistoskopia aulize kama itafanyika karibu na siku ya kutokwa damu, na kama wana uwezo wa kuirudia uume ukiwa umesimama.